Uzoefu wangu: Sony A7 III kwa picha mnato kwenye seti za filamu

Wadau, hii kamera mi naitumia lokesheni hapa Dar kwa picha mnato za filamu, zile zinazoenda kwenye mabango na mitandaoni, na kikubwa kilichonivuta kwenye mirolesi, yaani kamera isiyo na kioo cha ndani kama hii, ni ukimya. DSLR kile kioo cha ndani kikipanda na kushuka kinalia, na kwenye chumba kimya maiki inadaka kila kitu, kwa hiyo ilikuwa unasubiri dairekta aseme kata ndo uwaombe wasanii warudie pozi, na hapo picha ishakufa, maana mtu aliyetoka kulia kweli hawezi kukulilia tena kwa kuombwa. Hii unawasha sailenti unapiga katikati ya teki, mtu wa saundi wala hageuki, na machozi unayapata yakiwa ya moto. Aisee hapo nimeipenda mno.

Ila zima na mlio wa fokasi, na kale kataa kekundu kanakosaidia fokasi gizani, kakimulika uso wa msanii teki imeharibika.

Pia kwenye kidirisha cha kuchungulia unaona picha kama itakavyotoka. Namuuliza mtu wa kamera kaweka kelvini ngapi (kipimo cha rangi ya mwanga), 3200 au 5600, naweka hiyohiyo, rangi ya ngozi haipishani sana na ya kwenye filamu.

Sasa kwenye taa ndo kuna kazi. Shata ya kielektroniki, ndo hiyo ya sailenti, kwenye kamera nyingi inasoma sensa (kile kinachonasa picha) mstari kwa mstari, so ukikutana na LED za bei rahisi au tyubu za nyumbani unapata michirizi imekatiza uso. Umeme wetu ni hezi 50, shata ya sekunde 1/50 au 1/100 inasaidia sana, lakini kuna LED zikipunguzwa mwanga zinagoma hata hapo, kwa hiyo pima kwenye mazoezi kabla kamera haijawashwa. Sini za ngumi nazo mikono inaweza kupinda, hizo napiga kwenye mazoezi kwa shata ya kawaida. Sony A9 III iliyotangazwa Novemba 2023 inasoma sensa yote kwa mpigo, kupinda hakuna, ila bei yake ni nyingine kabisa.

Betri beba mbili. Lenzi 85mm f/1.8 inatosha kwa nyuso, unakaa mbali na macho ya msanii.

A7 III ni ya 2018, kwa hiyo za mkononi, zilizokwishatumika, zipo. Ukienda kuikagua washa sailenti, piga chini ya tyubu ya dukani kwa 1/100 halafu 1/500, utaona mwenyewe ninachosema.