SageMath kwa Mwalimu wa Hisabati Diskriti: Tathmini Kutoka Lamu

Kwa mihula miwili nimekuwa nikiitumia SageMath kuwaandaa walimu wenzangu hapa Lamu kufundisha hisabati diskriti kwa kompyuta, yaani mantiki, seti, hesabu za kupanga na kuchagua, na nadharia ya grafu, yaani michoro ya vituo na njia zinazoviunganisha. Ni programu huria ya hisabati iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005. Haina ada ya leseni, na amri zake huandikwa kwa Python, lugha ambayo walimu wa kompyuta wengi wanaifahamu. Kwamba inakokotoa vizuri sina shaka. Nililotaka kujua ni iwapo inamfaa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa.

Somo lililonifunza zaidi lilitokana na mwanahisabati Leonhard Euler, ambaye mwaka 1736 alithibitisha kwamba haiwezekani kuyapita madaraja saba ya mji wa Königsberg yote, kila moja mara moja tu. Tulichagua njia saba za kwetu, za mguu na za boti: Mokowe hadi Lamu mjini, mjini hadi Manda, Shela na Matondoni, Manda hadi Shela, Matondoni hadi Kipungani, na Kipungani hadi Shela kwa kufuata ufuo. Je, mtu anaweza kuzipita zote bila kurudia hata moja? Tuliiuliza programu kwa amri ya is_eulerian(), ikajibu False (si kweli), na walimu wengi wakaandika kwamba haiwezekani. Kumbe inawezekana, mradi uanzie Mokowe na kuishia Shela, au kinyume chake. Amri ile huulizia mzunguko unaorudi ulikoanzia; ukiiongezea path=True ndipo inakutajia vituo viwili vya mwanzo na mwisho. Programu haikukosea, bali sisi ndio tuliouliza swali lisilo letu, na hakuna kitu kwenye kioo kilichotutahadharisha. Wala haielezi sababu: kwamba Mokowe na Shela pekee ndizo zenye idadi witiri ya njia. Hiyo inabaki kazi ya mwalimu.

Jambo ninalolithamini mno ni kwamba ukiandika alama mbili za kuuliza baada ya jina la amri, unaonyeshwa msimbo wake, hivyo mwalimu anaweza kuwafungulia wanafunzi utaratibu wenyewe badala ya kuwapa jibu tupu. Majedwali ya ukweli, yanayoonyesha ni lini kauli ni kweli au si kweli, pia hutoka kwa amri fupi.

Usakinishaji unahitaji subira. Programu huchukua gigabaiti kadhaa, na kwenye Windows ni lazima kwanza uweke mfumo wa Linux ndani yake. Anayeanza atumie SageMathCell, inayofunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote, ingawa intaneti ikikatika somo nalo linakatika. Maelezo tuliyoyatumia yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo tulilazimika kujiandalia karatasi za Kiswahili.

Naipendekeza kwa mwalimu atakayedai jibu la mkono kabla ya jibu la mashine. Katika kipindi cha mwisho tuliongeza boti ya moja kwa moja kutoka Mokowe hadi Shela, kila kituo kikawa na idadi shufwa ya njia, na is_eulerian() ikajibu True. Safari hii walimu wote walikuwa wameshaliandika jibu hilo daftarini, pamoja na sababu yake.