Kikokotoo cha Ngamiani na namba ya tarakimu kumi

Kikokotoo nilichonunua katika duka la vifaa vya shule huko Ngamiani, Tanga, nilikijaribu kwa 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 kisha kuongeza 1, namba ambayo mwanahisabati Fermat aliamini kuwa ni tasa mpaka mwanahisabati mwingine, Euler, alipoonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641. Nilipoigawa, kioo kilitoa 6,700,417 bila desimali yoyote, na kigawo hicho nacho ni namba tasa. Tarakimu zote kumi zilienea kiooni, jambo lililonifurahisha kuliko bei yake. Kasoro ni kitufe cha alama ya sawa, ambacho hukwama kila mara. Muuzaji alinihakikishia kuwa kitalainika, lakini wiki ya tatu sasa bado nakibonyeza kwa ukucha.