Betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5 na inverta mseto: uzoefu wangu baada ya mwaka na nusu

Seti ninayoizungumzia ina vitu viwili: betri ya lithiamu ya aina ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), volti 51.2 na ampia-saa 100, pamoja na inverta mseto ya kilowati 5 inayounganisha paneli, betri na gridi. Betri naipa nyota nne, inverta tatu. Kitabu cha maelekezo kinapata moja tu, kwa sababu kinaeleza kwa kirefu namna ya kufungua boksi, kisha kinayapita kimya yale yanayoua betri.

Tuanze na namba ya kwenye boksi. Ndani mna seli 16 zilizofuatana, kila moja volti 3.2. Zidisha upate volti 51.2, zidisha tena kwa ampia-saa 100, ndipo inapotoka kilowati-saa 5.12. Usipange matumizi kwa namba hiyo. Betri nimeizuia isishuke chini ya asilimia 10, kwa hiyo zinabaki 4.6. Inverta ikigeuza umeme huo kuwa wa nyumbani inapoteza kama asilimia 6, zinabaki 4.3. Halafu yupo mlaji asiyetajwa kwenye tangazo lolote, inverta yenyewe: ikiwa imewaka bila mzigo wowote, yangu inakula wati 50 hivi. Mchana paneli zinamlisha, lakini kwa saa 13 zisizo na jua analishwa na betri, na hapo kilowati-saa 0.65 zimekwenda. Anayepiga hesabu ya usiku mmoja aanze na 3.6.

Betri moja haitoshi kwa inverta ya kilowati 5, ingawa wauzaji wengi wanaziuza hivyo hivyo. Wati 5,000 ukigawa kwa volti 51.2 ni ampia 98. Weka upotevu, weka na volti kushuka kidogo betri inapobanwa, unavuka 105. Kadi ya ulinzi wa seli, ile mafundi wanayoiita BMS, kwangu inakata ikifika ampia 100, na mtengenezaji anashauri matumizi ya muda mrefu yasizidi 50. Washa birika la umeme, pasi na pampu kwa pamoja: betri inajikata, nyumba inaingia giza, na lawama anabebeshwa inverta. Ama funga betri mbili sambamba kwa nyaya za urefu ule ule, ama ingia kwenye menyu uweke kikomo cha kutoa umeme cha ampia 80, ukikumbuka kwamba kwa muda mrefu ni ile 50.

Kwa mkondo huo nimetumia waya wa milimita za mraba 35 na fyuzi ya daraja T ya ampia 160, karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Breka ya kawaida ya umeme wa nyumbani haifai hapo. Seli hizi zikipigwa shoti hutoa maelfu ya ampia, na mkondo mnyoofu (DC) wa betri haupiti kwenye sifuri kama ule wa gridi, kwa hiyo cheche ikishaanza ndani ya breka haizimiki yenyewe. Kaza vichwa vya nyaya kwa spana yenye kipimo, urudie kuvikagua baada ya mwezi. Kiungo kilicholegea kikaongeza miliomu 1 tu, ampia 100 zikipita hapo kinatoa wati 10 za joto mahali padogo kuliko kidole gumba, na plastiki inaanza kuyeyuka.

Jambo jingine la siku ya kwanza ni cheche kubwa unapounganisha betri na inverta. Kapasita za inverta, yaani vihifadhi chaji vya ndani yake, zikiwa tupu zinavuta mkondo kwa kishindo, BMS inadhani ni shoti, inajifunga, na fundi anatangaza kwamba betri ni mbovu. Pitisha kwanza umeme kwenye rezista ya omu 25 hadi 50 kwa sekunde chache, kisha ndipo ufunge swichi.

Kosa la gharama kubwa zaidi, hata hivyo, liko kwenye menyu: inverta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa betri za asidi, kama zile za gari. Mpango huo una hatua ya kusawazisha kwa volti ya juu (equalize) inayopandisha volti kupita 58.4, yaani kupita 3.65 kwa kila seli, ambapo LFP haitakiwi kufika. Zima hatua hiyo kabisa. Mimi nachaji hadi volti 56.4, nashikilia kwa 54, na nakata kwa 48. Asilimia chache ninazoziacha juu hazinisumbui, seli zinapumua.

Kuhusu asilimia inayoonekana kwenye skrini, usiiamini sana. Volti ya LFP inakaa karibu palepale kuanzia asilimia 20 hadi 90, kwa hiyo BMS haiwezi kusoma kiwango kwa volti. Inahesabu ampia zinazoingia na kutoka, na kosa dogo linajikusanya. Betri ikikaa wiki kadhaa bila kujaa, skrini itasema 40 kisha ghafla sifuri. Dawa ni kuijaza kabisa kila wiki mbili na kuiacha juu kwa saa moja au mbili. Ni huko juu pia ndiko seli zinakosawazishwa na BMS yenyewe, tena polepole mno: kwa ampia 0.1, tofauti ya ampia-saa 3 kati ya seli mbili inahitaji saa 30. Betri mpya iliyokaa sana ghalani inaweza kuchukua siku kadhaa kutulia. Hilo si ubovu.

Waya wa mawasiliano kati ya betri na inverta unafanana na wa intaneti, na hapo ndipo watu wanapopotea, maana mpangilio wa pini hutofautiana kati ya watengenezaji. Kabla ya kurudisha betri dukani, linganisha pini za CAN-H na CAN-L, yaani zile mbili zinazobeba mawasiliano, pande zote mbili.

Sasa sera, maana kwenye kifaa hiki sheria za umeme ni mistari ya menyu. Wa kwanza ni wa kuchagua kanuni ya gridi. Ndio unaoamua volti na masafa (hezi) yanayoruhusiwa, na pia inverta iache kusukuma umeme upesi kiasi gani gridi ikizimika. Kiwango cha Marekani cha IEEE 1547 kinataka ndani ya sekunde 2, ili fundi aliye juu ya nguzo asiuawe na paneli za mtu. Inverta ikijikata kila adhuhuri, mara nyingi ni kwa sababu umeme unaousukuma unapandisha volti ya laini yako kupita kikomo, 253 pale ambapo kawaida ni 230 na nyongeza ya asilimia 10. Wapo wanaobadilisha kanuni ya nchi ili kuupanua mlango huo. Ni uvunjaji wa sheria, na vifaa vya jirani ndivyo vinavyoungua. Ongeza unene wa waya wa kwenda kwenye mita, au punguza kiasi unachouza.

Mstari wa pili ni wa kuuza au kutouza. Klampu inayopima mkondo kwenye waya wa mita ina mshale. Ukiifunga kinyume, inverta inasukuma nje zaidi pale inapotakiwa kupunguza. Washa mzigo wa kilowati 2 paneli zikiwa zimezimwa na betri imezuiwa kutoa umeme: skrini ionyeshe unanunua. Ikionyesha unauza, geuza klampu.

Mpangilio ulio bora unategemea mkataba, si kifaa. Mahali ambapo uniti unayoiuza inafutwa kwa uniti unayoinunua, gridi ndiyo betri yako, na hii uliyoinunua ni ya dharura tu. Hali hiyo inabadilika. California iliachana na mfumo huo kwa waombaji wapya tarehe 15 Aprili 2023, Uholanzi inaufuta Januari 2027, na Ujerumani, tangu mwishoni mwa Februari 2025, mitambo mipya hailipwi saa ambazo bei sokoni iko chini ya sifuri. Hoja ya serikali naikubali: kufuta moja kwa moja kunawabebesha gharama za nguzo na nyaya wale wasio na paa la kuweka paneli. Nisichokubali ni kubadilisha masharti kwa aliyekwisha nunua. California iliwaachia wateja wa zamani masharti yao kwa miaka 20. Uholanzi inawakata wote siku moja.

Mstari wa tatu umefichwa: nani anaweza kuigusa inverta kutoka mbali. Australia Kusini, tangu Septemba 2020, mfumo mpya wa paneli lazima uwe na wakala aliyesajiliwa anayeweza kuuzima gridi ikielemewa. Lithuania ikaenda upande wa pili, ikazuia watengenezaji wa China kufikia kwa mbali mitambo inayozidi kilowati 100. Yote mawili yameandikwa kwenye sheria, unaweza kuyapinga. Programu ya simu ya inverta hii inampa mtengenezaji uwezo ule ule kwa alama ya tiki uliyoiweka bila kusoma. Sasisho moja lilinirudishia mpango wa betri za asidi bila onyo. Tangu hapo napiga picha kila ukurasa wa menyu kabla ya kusasisha, na nasoma takwimu kwa waya wa data wa RS485 bila intaneti.

Waranti inasema miaka 10, lakini maandishi madogo yanaongeza "au megawati-saa 16, chochote kitakachotangulia". Kwa 4.6 kwa siku, inafika miaka 9 na nusu, sawa. Ukiijaza na kuimaliza mara mbili kwa siku ili ucheze na bei za umeme, inaisha kabla ya miaka 5.

Kinachobaki ni uzee wake. LFP haina kobalti wala nikeli, kwa hiyo mchakataji hapati cha thamani kubwa ndani yake na hana haraka ya kuipokea bila sheria kumsukuma. Umoja wa Ulaya utadai pasipoti ya kidijitali kwa betri za kundi la viwandani, za kuhifadhi umeme nyumbani zikiwemo, zinazozidi kilowati-saa 2 kuanzia tarehe 18 Februari 2027, na mnunuzi wa mtumba ataweza kujua historia ya anachonunua. Yangu ina stika ya namba tu. Afya ya seli inasomeka kwa programu ambayo muuzaji alibaki nayo hadi nilipoidai kwa maandishi. Ukikosa programu hiyo na nywila ya fundi kabla ya kulipa, punguza nyota moja zaidi kwenye nilizotoa.