Korosho za mnadani au za kangomba: kiwanda kinunue wapi?

Kangomba ni njia ya mkato. Mlanguzi humkopesha mkulima wa Newala au Tandahimba wakati wa njaa, msimu ukifika anachukua korosho kwa bakuli, mizani haionekani. Kiwanda kinapata mzigo, lakini mkulima kalipwa nini? Huo ni unyonyaji, tena umepigwa marufuku.

Mnadani, chini ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza korosho zikiwa ghalani kwa stakabadhi, ulioanza Mtwara mwaka 2007, korosho hupimwa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), hupangwa madaraja, na bei hutangazwa wakulima wakisikia. Makato yapo, na malipo yakichelewa inauma kweli. Ila mteja wa nje akiuliza asili ya mzigo, stakabadhi zinaonyesha ulitoka chama gani. Nachagua mnada, mradi kiwanda kilipe kwa wakati.