Georges Thill katika "Werther": sauti ya 1931 inayosikilizika hadi leo

Kwa sisi tuliolelewa na taarab, ambao mwimbaji akimeza neno moja tu la shairi ukumbi mzima humsikia, Georges Thill hachukui muda kuzoeleka. Nimemsikiliza kwa wiki tatu katika kisanduku cha CD mbili zenye opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya mtunzi Mfaransa Massenet, "Werther", iliyorekodiwa na kampuni ya santuri ya Columbia mwaka 1931 kwa okestra ya ukumbi wa Opéra-Comique wa Paris ikiongozwa na Élie Cohen, na ninaandika kwa anayejiuliza kama tenori huyu, yaani mwimbaji wa kiume wa sauti ya juu, analistahiki jina kubwa alilonalo kwao Ufaransa.

Analistahiki, na zaidi ni kwa matamshi yake. Thill alizaliwa Paris mwaka 1897, akaenda Naples kusoma kwa Fernando De Lucia, akarudi na ufundi wa pumzi wa Kitaliano bila ya kukiharibu Kifaransa chake. Katika tendo la tatu, pale Werther, mhusika anayeimbwa na Thill, anaposoma beti mbili za Ossian, mshairi wa hekaya za Uskoti, alizozitarjumi mwenyewe, sauti hupanda bila ya kupasuka, na silabi ya mwisho ya mshororo husikika wazi kama ya kwanza. Nilimwekea kipande hicho jirani yangu wa hapa Vuga, mzee mpiga fidla asiyejua hata neno moja la Kifaransa. Akataka kirejeshwe, huku akihesabu mizani kwa vidole juu ya goti. "Huyu anasoma shairi, mwanangu," alisema, "hapigi kelele."

Ninon Vallin, aliyeimba nafasi ya Charlotte, mwanamke anayependwa na Werther, hayuko nyuma yake hata hatua moja. Waliobaki wanatosha.

Nje ya Ufaransa jina la Thill halikuenea kwa kiasi kile kile, ingawa aliimba katika kumbi za opera za La Scala ya Milan, Covent Garden ya London, na Buenos Aires. Metropolitan ya New York ilimpata kwa muda mfupi tu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Nadhani msikilizaji asiyeijali lugha hukosa nusu ya kazi yake.

Mikwaruzo ipo. Upande mmoja wa santuri za zama hizo ulichukua dakika nne hivi, kwa hiyo muziki ulirekodiwa vipande vipande, na mahali pawili maungio yanasikika. Aliyezoea santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 hatababaika. Lililoniudhi ni kijitabu: muuzaji aliahidi maneno yote ya opera, nikakuta kurasa za picha tu, na CD ya kwanza inakatika katikati ya tendo la pili.

Kwa anayeanza, nashauri asome kwanza kisa chenyewe, kisha aingie moja kwa moja CD ya pili. Yangu iko kwa mzee wa fidla tangu Ijumaa. Aliyonirejeshea ni ile ya kwanza.