Upasuaji wa ngiri Nairobi: ulizeni nani atashika kisu, na bosi wake atakuwa wapi

Nilipasuliwa ngiri ya kinena katika hospitali moja ya kufundishia hapa Nairobi. Kidonda kimepona vizuri. Nawaandikia mnaosubiri zamu yenu, kwa sababu kule usipouliza nani atakupasua, huambiwi.

Daktari bingwa aliyenipima kliniki sikumwona tena. Jioni ya kuamkia upasuaji alikuja kijana mpole na fomu ya idhini, imeandikwa "daktari au atakayemteua". Nikamuuliza huyo mteuliwa ni nani.

"Ni mimi, mzee. Mimi ni rejista, nasomea ubingwa wa upasuaji."

Mke wangu akanivuta shati. "Baba Neema, tumsubiri bingwa mwenyewe."

Simlaumu. Mwaka 2018 pale Hospitali ya Taifa ya Kenyatta alifunguliwa fuvu mgonjwa ambaye siye, na wodini kisa hicho hakijasahaulika. Ila rejista si mwanafunzi wa kubahatisha. Ni daktari kamili, amemaliza shahada na intanshipu, ana leseni (jina lake utalipata kwenye tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya). Isitoshe, hao mabingwa tunaowataka walijifunzia kwa nani kama si kwa wagonjwa kama sisi?

Kilichonikosesha raha ni msimamizi wake, yaani bingwa anayepaswa kumwangalia akipasua. Yuko anayesimama mezani amevaa glavu, yuko anayekunywa chai chumba cha pili, na yuko anayepigiwa simu akiwa amekwama kwenye foleni ya Thika Road. Kwenye karatasi wote wamesimamia. Nikasema sitii sahihi mpaka nijue wangu ni yupi. Kijana, bila kununa, akampigia bingwa mbele yangu, akaahidiwa atakuwa mezani, tukaliandika hilo kwenye fomu.

Na alikuwepo. Nilichomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho nyuma ya shuka la kijani. Kabla ya kisu walisoma kwa sauti jina langu na upande wa kupasuliwa, kisha nikawa namsikia bingwa akielekeza: "Taratibu hapo, huo ni mshipa wa fahamu." Sijawahi kufurahia mtu kukosolewa kiasi kile.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya mzee wa kitanda jirani, aliyetia kidole gumba kwenye fomu ileile ya Kiingereza bila kuelezwa neno, ilhali Sheria ya Afya ya 2017 inampa haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa.