Meno ya bandia: ya juu nayavaa, ya chini yamenishinda

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Katuba, Lubumbashi. Sina jino langu hata moja kinywani. Navaa meno kamili ya bandia, juu na chini, yale ya resini ya akriliki yenye rangi ya ufizi. Watu ambao daktari ameshawaambia hakuna jino la kuokoa hunivuta pembeni na kuniuliza kama kweli yanafaa. Nami huwauliza: ya taya gani?

La juu silisemi vibaya. Bamba lake limefunika kaakaa lote, mate yanakaa kati yake na nyama, na hicho ndicho kinacholinasisha. Naimba, napiga chafya, halidondoki. Ubaya wake ni mwingine, na siku ya kupimwa hakuna aliyenitajia: kaakaa likishafunikwa, joto hulisikii. Chai inapita kimya, unakuja kushtuka imeshafika kooni. Ladha nayo inapooza. Nyumbani tulikuwa na ugomvi wa chumvi wa muda mrefu, mama watoto akiapa kwamba sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ni ile ile ya siku zote, na alikuwa anasema kweli.

Shida yenyewe iko chini. Bamba la chini linafuata ukingo wa ufizi tu, katikati liko wazi ili ulimi upate nafasi, na ulimi hautulii. Kila ukimeza unalisukuma. Daktari alinieleza kwamba mfupa wa taya unashikiliwa na kazi ya mizizi ya meno. Jino likitoka, mfupa unaanza kupungua, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, halafu polepole maisha yote, na taya la chini linapoteza mfupa mwingi kuliko la juu. Mimi meno ya chini yalitangulia kutoka miaka mingi, kwa hiyo ufizi umebaki bapa. Bamba halina pa kushika.

Darasani ndiko nilikoipata. Wakati wa imla kila “s” ilitoka na mluzi, na nikipanua kinywa kumwita mtoto wa dawati la nyuma, bamba la chini linanyanyuka na kugonga la juu: ka! Watoto walikuwa na adabu, wanainamia madaftari, lakini mabega yanatikisika. Nilisoma kwa sauti jioni, peke yangu chumbani, hadi mluzi ukaisha. Kugonga hakukuisha. Mjukuu wangu aliniambia, “Kambo (yaani babu), meno yako yanaongea yenyewe,” akaenda zake kucheza.

Kwenye chakula, bukari, yaani ugali, haina neno. Michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, ni kazi, maana nguvu ya kutafuna haifiki hata nusu ya ile ya meno ya asili. Mahindi ya kuchoma nayapukuchua kwa kisu kwanza, na mtu asiniambie ni kitu kile kile. Ukiuma kwa meno ya mbele, bamba linainuka nyuma, basi unajifunza kukata vipande vidogo na kutafuna pande zote mbili kwa pamoja. Ila adui mkubwa ni mbegu ya pera. Moja tu ikiingia chini ya bamba, kila ukibana meno inachoma nyama kama msumari, na huwezi kuitoa mbele za watu. Kwenye kilio, katikati ya wazee, niliwahi kuvumilia mbegu hiyo hadi machozi yakanitoka. Walionizunguka wakadhani ni uchungu wa marehemu.

Vidonda vya mwanzo vipo na vinapona daktari akilisugua bamba kulipunguza mahali linapouma. Kama umelivua kwa sababu ya maumivu, livae tena siku moja kabla ya kwenda kwa daktari, la sivyo haoni alama pa kusugua. Usiku yavue yote, uyaweke kwenye maji. Ukilala nayo, nyama ya kaakaa inakuwa nyekundu, fangasi wanazaliana. Maji yawe ya baridi, kwani ya moto sana yanapinda resini. Na yasugue kwa sabuni laini, si dawa ya meno, inayaparuza na uchafu unapata pa kujificha. Huku kwetu umeme unakatika bila taarifa, basi mimi naoshea juu ya beseni lenye maji, hata yakiteleza gizani hayavunjiki.

Krimu ya kushikiza nimeitumia kwa la chini. Inasaidia kwa ibada moja, si kwa siku nzima ya kufundisha. Angalia ambayo haina zinki, maana wapo watu duniani walioharibika mishipa ya fahamu kwa kutumia nyingi yenye zinki kwa muda mrefu.

Dawa ya kweli ya taya la chini inajulikana. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 walikubaliana kwamba kwa mtu asiye na meno ya chini, jambo la kwanza la kumpa ni bamba linaloshikwa na vipandikizi viwili, mfano wa skrubu, vilivyofungwa kwenye mfupa. Niliuliza bei. Kwa mshahara wa mwalimu, tuliache hilo.

Kwa hiyo ya juu nayavaa tangu asubuhi, ya chini ni ya kanisani na ya picha. Kinywa kinaendelea kubadilika, kwa hiyo hata bamba zuri litalegea, litahitaji tabaka jipya kwa ndani, na siku moja kubadilishwa lote. Kabla ya kutoa avansi, yaani malipo ya kwanza, uliza kama kusugua na kurekebisha kumo ndani ya bei. Kliniki niliyokwenda mimi hakukuwamo, na kila nilipopeleka kidonda nililipia upya, kwa dola.